Delta ya Tana: Malisho ya Wote Yanayoishi kwa Mafuriko

Mvua ya masika ikishanyesha majuma kadhaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, Mto Tana hubadilika rangi huku chini Garsen, hata kama mbingu ya Garsen yenyewe ni nyeupe pe. Maji huja mekundu, mazito kwa udongo wa nchi za juu, na hupanda taratibu mpaka kingo zikashindwa kuyazuia. Yakishavuka, hutandaa pande zote mbili, hujaza maziwa ya Shakababo, Bilisa na Kongolola, hupenya katika mikondo iliyokuwa imekauka, na kwa muda sehemu kubwa ya nchi kati ya Garsen na Kipini huwa ni maji na vichwa vya nyasi.

Katika taarifa za habari jambo hilo huitwa janga. Kwa familia iliyoamshwa usiku na maji, nyumba ikabomoka na akiba ya mahindi ikasombwa, ni janga kweli, na haki yao ni kupata msaada wa haraka na mahali salama pa kuishi. Lakini ipo kweli nyingine ambayo haifiki redioni. Delta hii imeumbwa na mafuriko. Nyasi zinazookoa ng'ombe wakati wa kiangazi, samaki, mpunga, pamoja na mimea na wanyama ambao ni adimu duniani kote, vyote vinategemea maji hayo yanayotoka nje ya kingo.

Tena hayafanyi kazi peke yake. Uwanda huu ni malisho ya pamoja, na kwa vizazi vingi umetunzwa kwa kanuni za watu wanaopokezana ardhi kulingana na msimu. Mafuriko, mifugo na kanuni hizo ndiyo mafiga matatu ya delta. Anayetaka kuwaokoa ndege na miti adimu ya Tana hana budi kuyalinda yote matatu kwa pamoja.

Nyasi hufuata maji, ng'ombe hufuata nyasi

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000 kutoka milimani hadi Bahari Hindi. Mwaka 2012 Kenya iliiorodhesha delta yake, hekta 163,600, chini ya mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Ndani ya eneo hilo mna mikoko, matuta ya mchanga wa pwani, misitu ya kandokando ya mto, vinamasi, maziwa, na uwanda mpana wa nyasi. Humo wanaishi Wapokomo ambao kwa asili ni wakulima na wavuvi wa mtoni, Waorma na Wawardei ambao ni wafugaji, na jamii nyingine zikiwemo Wagiriama, Wabajuni, Waata na Waluo waliofuata samaki.

Mafuriko huja mara mbili kwa mwaka: ya masika kati ya Aprili na Juni, ambayo kwa kawaida ndiyo makubwa, na ya vuli kati ya Novemba na Desemba. Maji yanapokuwa juu, wafugaji huwa wamekwisha kuondoka. Ng'ombe wakikaa kwenye matope ya kudumu kwato huoza, na mbu na nzi hawawapi nafasi. Wakati huohuo bara kavu, mashariki na magharibi ya mto, huwa imechipua nyasi kwa mvua yake yenyewe. Mifugo huenda huko na delta hupumzika.

Kisha maji huanza kurudi, wala hayarudi kwa siku moja. Huondoka kwanza kwenye vinyanyuko, halafu kwenye sehemu za wastani, na mwisho kabisa kwenye mabonde ya chini yaliyo jirani na maziwa. Kila yanapoachia kipande cha ardhi, nyasi huchipuka hapo juu ya mbolea ya matope mapya. Ndiyo maana delta ina mfululizo wa mikanda ya kijani: mkanda wa juu ukianza kukauka, wa chini yake ndio kwanza unachipua. Bara ikishaunguzwa na jua, wafugaji hurejea na kuufuata mstari wa maji hatua kwa hatua. Katika ukame mkali huja hata mifugo kutoka Ijara, Garissa na mbali zaidi, kwa sababu kwingine hakuna jani lililobaki.

Wapokomo nao wanayasoma maji hayohayo kwa namna yao. Mpunga hupandwa palipotuama maji. Mahindi na kunde hupandwa udongo ungali na unyevu. Migomba na miembe hukaa kwenye ukingo ulioinuka. Karibu na Ozi na Kipini, bahari inapojaa huyasukuma maji matamu ya mto nyuma mpaka yakaingia mashambani, na wakulima wa huko wamejua kwa vizazi kuyatumia maji ya bamvua kunyweshea mpunga bila pampu.

Kalenda hizi mbili, ya jembe na ya fimbo, hukutana kwenye ukingo wa mto. Hapo ndipo pana kitu ambacho kila mgeni wa Tana anapaswa kukiona kabla ya kutoa maoni yoyote juu ya delta: malka. Malka ni njia iliyoachwa wazi kati ya shamba na shamba ili mifugo ishuke kunywa. Wakati wa kiangazi ni ukanda wa udongo uliokanyagwa ukawa unga, unaoteremka mtoni kwa mfereji mpana uliochimbwa na kwato za miaka mingi. Kushoto na kulia kuna migomba na mahindi ya watu. Ng'ombe huteremshwa kwa makundi. Kundi moja likinywa, jingine hungoja juu, na wachungaji husimama pembeni na fimbo zao kuhakikisha hakuna mdomo unaofika kwenye mgomba. Wakishakunywa hurudishwa uwandani, na kundi la pili hushuka.

Nyuma ya njia hiyo ya udongo kuna sheria nzima. Wazee wa Wapokomo hukaa katika baraza lao, gasa; wazee wa Waorma nao wana baraza lao, matadeda. Mabaraza haya ndiyo yaliyokuwa yakikubaliana malka ipite wapi, mgeni aliyekimbia ukame aonyeshwe malisho gani, fidia ya shamba lililoliwa iwe kiasi gani, na sehemu gani ya uwanda iachwe kwanza ikomae. Ni utawala wa ardhi uliokamilika, ijapokuwa kwa muda mrefu ofisi za serikali ziliuandika uwanda huu kama eneo tupu.

Wanaofika nyuma ya maji

Yeyote anayeuita uwanda wa Tana eneo tupu angetembea humo wakati maji yanapopungua. Madimbwi hubaki na samaki waliokwama, na juu yake hukusanyika mwari, yangeyange, koikoi na korongo domowazi anayekwangua konokono kwenye tope. Matope yanayoachwa wazi hujaa sululu waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Delta hii ina idadi yenye umuhimu wa kimataifa ya zaidi ya aina 20 za ndege wa majini. Nyati, kuro na nyamera wa pwani hulisha palepale panapolisha ng'ombe, na viboko hutoka usiku kula nyasi walizoziona mchana wakiwa majini.

Chini ya miguu ya wote hao yupo mnyama ambaye maisha yake yamefungwa moja kwa moja na kupanda na kushuka kwa maji. Ni kamongo wa pwani ya Afrika Mashariki, mwembamba na mrefu kama kambare aliyenyooshwa, na mdogo kuliko aina zote za kamongo zilizobaki duniani. Hafiki hata nusu mita. Ana mapafu pamoja na matamvua, na hata akiwa mkubwa bado anaonekana na vishada vya matamvua vinavyoning'inia nje ya kichwa. Dimbwi linapokauka hajaribu kulikimbia. Hujichimbia kwenye tope, tope likagandamana juu yake, naye akakaa humo akivuta hewa kidogo kidogo mpaka mafuriko mengine yaje kuulainisha udongo. Kiangazi anakivumilia. Mwaka usio na mafuriko kabisa, ukifuatwa na mwingine kama huo, hana namna ya kuuvumilia.

Kwenye nyasi fupi yupo kipimanjia wa Malindi. Mtu asiyejua anampita: ndege mdogo wa rangi ya udongo, anayekimbia badala ya kuruka, akisimama ghafla na kuinua kichwa. Ukimtazama vizuri unaona miguu yake ni ya manjano yenye wekundu, na michirizi ya kifuani inashuka hadi tumboni. Makazi yake duniani ni ukanda mwembamba wa pwani ya Kenya na Somalia, na ndani ya ukanda huo anachagua nyanda za nyasi fupi zinazofurika kwa msimu. Nyasi zikiachwa zikawa ndefu kuliko yeye, au vichaka vikazisonga, au mahali hapo pakalimwa kwa trekta, hana pa kwenda. Kwa orodha ya kimataifa anahesabiwa kuwa ndege anayekaribia hatari ya kutoweka. Ng'ombe anayezipunguza nyasi hizo kwa wakati wake anamfanyia kazi ambayo hakuna mlinzi wa hifadhi anayeweza kuifanya kwa mkono.

Kwenye matete hufikia mgeni mwingine, ndege mdogo wa kahawia aliyepewa jina la Basra. Huyu huzaliana katika vinamasi vya Iraki na kuja Afrika Mashariki majira ya baridi ya kwao, na yumo katika orodha ya ndege walio hatarini. Habari zake ni onyo na tumaini kwa pamoja. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilijenga matuta na kuchimba mifereji, ikakausha sehemu kubwa ya vinamasi vile. Baada ya 2003 wenyeji waliyabomoa matuta na maji yakarudi sehemu nyingi, na matete yakaota tena. Ardhi inayofurika inaweza kuuawa kwa miaka michache, na inaweza kuanza kupona maji yakirudishwa mapema. Lakini ndege huyu anahitaji vinamasi viwili, cha Iraki na cha huku kwetu. Kimoja kikipona na kingine kikafa, hakuna alichopata.

Yupo pia ambaye huenda tumekwisha kumkosa. Shoro wa Mto Tana anajulikana kwa vielelezo vichache tu vilivyokusanywa karne iliyopita, na tangu mapema miaka ya 1970 hakuna aliyethibitisha kumwona. Wataalamu wengine wanashuku kwamba alikuwa chotara wa aina mbili za shoro. Swali hilo lingejibiwa kwa urahisi kama makazi yake yangebaki salama na watu wakaendelea kumtafuta.

Mti unaongoja mchanga mpya

Kati ya mimea adimu ya Tana, hakuna unaoeleza thamani ya mafuriko kuliko mti mmoja wa jamii ya mipopla, ambao wanasayansi wanauita Populus ilicifolia. Jamaa zake wengi wako Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Huyu peke yake ameshuka hadi kwenye ikweta na kuivuka, akaota kandokando ya mito michache ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Majani yake ni magumu, yenye meno pembeni. Wakazi wa mtoni wamekuwa wakiuchonga mitumbwi, nao umo katika orodha ya miti iliyo hatarini.

Mbegu zake ni ndogo na zina manyoya kama pamba. Upepo huzichukua, maji huzielekeza, na nguvu ya kuota iliyomo ndani yake ni ya muda mfupi mno. Haziwezi kuota chini ya kivuli cha msitu mkubwa wala kwenye ardhi iliyofunikwa na nyasi. Zinahitaji mchanga mpya, mtupu, wenye unyevu, ulioletwa na mto na kuachwa wazi maji yakianza kushuka. Zikitua hapo kwa wakati, miche huchomoza kwa safu inayofuata mstari wa maji. Mizizi nayo hushuka kwa haraka ikifukuzana na unyevu unaozama.

Mto unaofurika na kuhamahama hutengeneza kingo kama hizo kila mara: unamega upande huu, unajenga upande ule. Mto uliotulizwa na mabwawa hutengeneza chache. Matokeo yake hayaonekani mara moja, kwa sababu miti mizee huendelea kusimama na kutoa kivuli kwa miaka mingi. Ila chini yao hakuna watoto. Msitu wa namna hiyo unaweza kupigwa picha nzuri sana huku ukiwa umekwisha kuhukumiwa.

Misitu hii ya ukingoni ndiyo nyumba ya aina mbili za kima wasiopatikana popote isipokuwa bonde la Tana ya chini: mbega mwekundu wa Mto Tana na mangabe wa Mto Tana. Wote wawili wanahesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wanategemea mikuyu, mikindu na miti mingine ambayo mizizi yake hunywa maji yaliyoachwa na mafuriko ardhini. Serikali ilitenga hifadhi kwa ajili yao mwaka 1976. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi hiyo haikuwa imeanzishwa kwa kufuata sheria. Ardhi ilikuwa ya wenyeji, na wenyeji walikuwa wamewekwa kando. Miaka zaidi ya 30 ya uhifadhi ikasimama juu ya msingi usio halali. Ni somo gumu, na linatufaa sisi tunaowapenda wanyama hao kuliko mtu mwingine yeyote: msitu uliochukuliwa kwa mwenyewe bila ridhaa hauna mlinzi. Tangu wakati huo jamii zimeanza kutenga zenyewe maeneo ya kuhifadhi, Ndera likiwa mojawapo, na hiyo ndiyo njia yenye matumaini.

Upo mmea mwingine ambao si adimu hata kidogo. Mathenge uliletwa kwa nia njema miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukapandwa pia kwenye skimu za unyunyiziaji za Tana. Sasa unasonga malisho na kuziba njia za mifugo. Ng'ombe na mbuzi hula maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwenye mavi; mafuriko huzibeba zilizobaki. Huko Baringo wananchi walifika mahakamani mwaka 2006 wakiwa na mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda hayo. Pale mathenge unapofunga, kipimanjia hana nyasi, ng'ombe hana nyasi, na malka haipitiki.

Kanuni za malisho zinavyolinda ua

Huenda msomaji akauliza kama kweli ng'ombe na mimea adimu vinaweza kukaa pamoja. Jibu moja liko mbali na Tana, pembeni mwa mji wa Oxford nchini Uingereza. Huko kuna uwanda uitwao Port Meadow, kando ya Mto Thames, ambao hufunikwa na maji majira ya baridi. Kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 kilikwisha kutaja malisho ya pamoja ya wenyeji wa Oxford nje ya ukuta wa mji, na hadi leo wenye haki ya malisho hupeleka humo ng'ombe na farasi. Katika uwanda huo huota mmea mdogo unaotambaa, wenye maua meupe, wa jamii ya karoti, ambao kwa muda mrefu haukujulikana kuwepo penginepo Uingereza. Unahitaji maji yaufunike, kisha unahitaji kwato zikanyage tope na midomo izipunguze nyasi ndefu ili upate mwanga. Wahifadhi wa huko wamejifunza kwamba kuwaondoa ng'ombe ni kuuondoa mmea.

Hilo lisieleweke kwamba ng'ombe wengi kupita kiasi hawadhuru kitu. Wanadhuru, na Tana imeona ardhi iliyokanyagwa ikabaki kipara. Ndiyo maana kanuni ni muhimu. Wingi wa mifugo, muda wa kukaa na njia ya kupita vilikuwa na mwenye kuvisimamia. Kanuni zikivunjwa, uwanda hauharibiwi na ufugaji; unaharibiwa na ufugaji usio na wazee.

Waliotaka kuukausha uwanda

Kanuni hizo zimevunjwa zaidi na mipango iliyotoka nje kuliko na wenyeji. Kwanza ni mabwawa ya umeme ya juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga lililokamilika 1981 na Kiambere la 1988. Umeme wake umewasha taa za nchi nzima, na hakuna anayesema tuuzime. Vilevile sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bonde la Tana, kwenye bwawa la Ndakaini. Lakini bwawa huyashika maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Mafuriko madogo na ya kadiri, yale yanayonywesha nyasi na misitu bila kubomoa nyumba, yamepungua. Yale makubwa mno hayazuiliki: mabwawa yakishajaa humwaga, kama ilivyoonekana 2018 na tena 2024. Wakazi wa chini wamejikuta wakipata pungufu ya maji ya baraka na fungu lilelile la maji ya maangamizi.

Pili ni mashamba makubwa. Mradi wa mpunga wa mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, ulijenga matuta ya kuzuia mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikauharibu. Mwaka 2008 ukaidhinishwa mradi wa miwa wa hekta zipatazo 20,000 kati ya mamlaka hiyo na kampuni ya Mumias. Mapendekezo mengine yakafuata, ya mibono ya kutengenezea mafuta na ya mazao ya kuuza nje. Yote yalilenga ardhi ileile ya chini, yenye rutuba na unyevu, ambayo kwa mpangaji wa ofisini huonekana haitumiki kwa sababu alifika wakati ng'ombe wako bara. Ukiichukua sehemu hiyo ya chini, umechukua mkanda wa mwisho wa kijani, ule unaotegemewa ukame ukifika kileleni. Bara yote iliyobaki, hata iwe kubwa kiasi gani, hupoteza thamani kwa mfugaji.

Wenyeji walikwenda mahakamani. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mamlaka husika ziandae mpango wa kina wa matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi. Kufikia siku hiyo, delta ilikuwa imetoka katika maombolezo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa katika mapigano kati ya vijiji vya Wapokomo na Waorma. Siasa za uchaguzi zilichangia, na silaha zilichangia. Lakini chini yake kulikuwa na malka zilizofungwa, malisho yaliyokuwa yakipungua, na hofu ya kila upande kwamba ardhi iliyobaki itaandikwa jina la mwingine. Kuhifadhi uwanda wa Tana ni kazi ya kulinda amani, na hakuna anayelijua hilo kuliko waliozika watu wao.

Yanayopaswa kufanywa sasa

Mpango wa matumizi ya ardhi uliandaliwa, kwa mikutano ya vijiji na kwa msaada wa mashirika kama Nature Kenya ambalo limeipigania delta kwa miaka mingi. Unatambua vijiji na mashamba, njia za mifugo, malisho, na maeneo ya uhifadhi yanayosimamiwa na jamii zenyewe, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 100,000. Ni kazi nzuri. Inahitaji meno.

Meno ya kwanza ni hati. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 63, inatambua malisho kuwa sehemu ya ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatoa utaratibu wa kuiandikisha. Kila mwaka unaopita bila uwanda kuandikishwa ni mwaka ambao mwekezaji anaweza kuja na ramani yake. Katika kuandikisha, malka zipimwe na kuwekewa alama ardhini kwa makubaliano ya pande mbili, mbele ya gasa na matadeda, na haki ya kupokezana iandikwe. Hati itakayogawa uwanda vipande na kumpa kila kundi uzio wake itaua kile inachodai kukilinda, kwa kuwa katika mwaka mbaya hakuna kipande kinachojitosheleza.

La pili ni kuung'oa mathenge kwenye malisho na malka kabla haujakomaa, kazi inayowezekana ikiwa vijana wa vijiji watalipwa kuifanya mwaka baada ya mwaka na kaunti ikaiweka katika bajeti yake ya kawaida.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni maji. Wahandisi wanaweza kufungua milango ya mabwawa kwa mpango, wakatoa mafuriko ya kadiri wakati wa masika na wa vuli, vijiji vikiwa vimekwisha kuarifiwa na kuondoa mali. Wananchi waliojengewa makazi kwenye vinyanyuko wangeyapokea maji hayo kama walivyoyapokea babu zao. Bwawa jipya la High Grand Falls, linalozungumzwa kwa miaka mingi, lingekuwa kubwa kuliko yote ya Tana. Likijengwa bila sharti hilo, maziwa ya Shakababo na Bilisa yatabaki majina kwenye ramani.

Kwa hiyo siku wahandisi na mawaziri watakapokaa kuyagawa maji ya Tana kati ya umeme, miji na mashamba, mezani hapo viwepo viti vya wazee wa gasa na wa matadeda. Na hesabu ya kwanza kuandikwa iwe ya maji yanayotakiwa ili uwanda ufurike masika na vuli, kabla ya megawati ya kwanza na kabla ya hekta ya kwanza ya miwa.